CT ya sikio na upasuaji wa mastoidi: picha ya kwanza nyota 1, ya pili nyota 5, upasuaji nyota 4

Nimechelewa kuandika hii makusudi, nilitaka kwanza mwaka ukatike nione sikio linakaaje, na sasa umekatika kasoro mwezi mmoja kwahiyo naona naweza kusema kitu. Naandikia yeyote mwenye sikio linalotoka usaha miaka nenda miaka rudi, au ana mzazi au mtoto wa hivyo, na ameambiwa akapige CT ya sikio, ile picha ya mionzi inayokata kichwa vipande vipande, kabla ya upasuaji. Jina la hospitali siandiki, la kituo cha picha pia siandiki, maana kuna sehemu nalalamika na sitaki kumharibia mtu kazi. Ninachotaka ni mwenzangu asipoteze miezi mitano kama mimi.

Mimi ni mwalimu, nina miaka 42, sikio la kushoto lilianza kutoa usaha nikiwa darasa la tatu. Kila mara ni matone, linakauka wiki mbili tatu, mafua yakija linaanza upya. Mwenye sikio la hivi anaijua ile harufu, inakufanya ukae mbali kidogo na watu kwenye kikao, utembee na pamba kwenye mkoba, na mtu akitaka kukunong'oneza umgeuzie upande mwingine haraka. Kusikia nako kukawa kunapungua polepole mpaka nikajikuta nimezoea kuwaweka watu wote kulia kwangu, na darasani mtoto akiuliza swali kutoka upande wa madirisha mi nageukia mlangoni. Ila kilichonipeleka hospitali safari hii sio usaha, usaha nilishauzoea. Ni kizunguzungu. Siku moja najifuta sikio na kitambaa nikabonyeza kile kinyama kilicho mbele ya tundu, chumba chote kikazunguka, nikashika ukuta. Nikakaa, kikatulia, nikabonyeza tena kwa makusudi, kikazunguka tena.

Mahali pa kwanza nilipokwenda nikasema kizunguzungu, wakasikia kizunguzungu, basi wakaandika CT ya kichwa. Nikapiga siku hiyohiyo. Nikapewa filamu moja kubwa yenye vipicha vidogovidogo ishirini na kitu, na ripoti ya nusu ukurasa: ubongo hauna tatizo, seli za mastoidi, yaani vitundu vya hewa kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, za kushoto zimejaa. Nilivyosoma ubongo hauna tatizo nilishukuru Mungu, nikaweka filamu juu ya kabati, nikapewa dawa za kizunguzungu na matone mengine. Hivyo ndivyo miezi mitano ilivyokwenda. Kwenye hiyo miezi usaha ukaanza kuja na damu kidogo, na usiku nikilalia upande wa kushoto kitanda kinayumba.

Hapo ndipo nikampata daktari bingwa wa masikio. Nilipomsimulia habari ya kubonyeza na chumba kuzunguka aliacha kuandika kabisa. Akajaribu mwenyewe, taratibu, akiangalia macho yangu, akaona yanacheza. Akaniambia, mwalimu, hapa huenda mfupa umeshaliwa mpaka kwenye mizani, ile sehemu ya ndani ya sikio inayotunza usawa wa mwili, tusichelewe. Nikamtolea ile filamu yangu kwa kujiamini. Akaitundika kwenye taa, hakukaa nayo hata dakika moja, akasema hii ni picha ya kichwa, hii sio picha ya sikio.

Naomba niwaeleze alivyonielewesha maana ndio kiini cha haya ninayoandika. Alichukua daftari langu nililokuwa nalo mkononi akachomeka katikati ya kurasa kipande cha ncha ya penseli iliyovunjika, kale kadogo. Akasema kikuku, kile kifupa cha tatu cha ndani ya sikio, ndio mfupa mdogo kuliko yote mwilini, urefu wake kama milimita 3. Picha yako imekata kichwa kwa vipande vya milimita 5. Yani kikuku kizima kinaweza kulala ndani ya kipande kimoja tu, na mashine haikuchorei kila kilichomo kwenye kipande hicho, inachanganya, mfupa na hewa na usaha, inakupa rangi moja ya wastani. Kwahiyo ukiangalia unaona ukungu. Kutafuta damu kwenye ubongo milimita 5 inatosha kabisa, mashine haina kosa na aliyepiga hana kosa, aliulizwa swali la ubongo akajibu la ubongo. Mi bado naona kuna mtu alikuwa na kosa, aliyenisikiliza nusu nusu na kuandika ile fomu, kwa sababu nilimwambia sikio linatoka usaha tangu utotoni na halimo kwenye fomu hata neno moja.

Safari hii fomu iliandikwa vizuri: CT ya mfupa wa panja, yaani ule mfupa wa pembeni ya kichwa uliobeba sikio lote, pande zote mbili, vipande vyembamba, bila dawa ya mshipani. Chini yake daktari akaandika historia mistari mitatu na maswali anayotaka yajibiwe: vifupa vya kusikia viko vizima? mfereji wa mizani umetoboka? dari la sikio likoje? neva ya uso imefunikwa? Mkipewa fomu someni kilichoandikwa kabla hamjatoka kwenye chumba cha daktari. Ikisema kichwa tu, rudi uulize.

Sasa kipimo chenyewe. Kwa wanaoogopa, jamani hakuna maumivu yoyote. Sio lile handaki refu lenye kelele la MRI, ile mashine ya picha inayotumia sumaku, hii ni kama pete kubwa, kitanda kinapita katikati na uso wako haufunikwi. Dada aliyenipiga alikuwa mtulivu sana, akaniambia mama toa hereni, toa chupio zote za nywele, kama una meno ya kubandika toa, kama unavaa kifaa cha kusikia toa, kwa sababu chuma kinatoa mistari kwenye picha inayofuta kila kitu cha jirani. Akauliza kama nina mimba. Akanilaza, akanishusha kidevu kidogo kuelekea kifuani, nilipomuuliza akasema ni ili macho yakae nje ya njia ya mionzi kadiri inavyowezekana, maana lenzi ya jicho haipendi mionzi. Nilipenda sana kwamba alijisumbua hivyo na akanieleza bila kukunja uso. Akafunga kichwa kwa mkanda laini, akasema usimeze mate, usitikisike. Kitanda kikasogea, mashine ikavuma, nikahesabu kimoyomoyo sikufika ishirini, imeisha. Kuingia mpaka kutoka sidhani kama dakika kumi zilifika.

Kuhusu mionzi maana najua mtauliza, nami niliuliza. Dozi ya CT ya sikio kwa kawaida iko chini ya ile ambayo kila mtu anaipata kwa mwaka mzima kutoka ardhini na angani bila kufanya lolote, ambayo wastani wake duniani ni kama milisiveti 2.4 (milisiveti ndio kipimo cha dozi ya mionzi). Sio kitu cha kurudia rudia bila sababu, hasa kwa watoto, na ndio maana inauma zaidi kupigwa picha isiyo sahihi, kwa sababu unarudi kupigwa mara ya pili kwa mionzi ambayo ungeiepuka.

Kinachofanya picha hii iwe kali sio mashine ya ajabu, mara nyingi mashine ni ileile. Ni namna inavyopangwa. Vipande vyangu vilikuwa vya milimita 0.6, kila sikio likatengenezewa picha zake peke yake kwa kukuzwa, na kompyuta ikatumia hesabu inayokoleza kingo za mfupa, sio ile inayolainisha kwa ajili ya ubongo. Alafu kutoka kwenye vipande hivyohivyo wakakata upya kwa upande mwingine, kana kwamba umesimama mbele yangu unanitazama usoni. Kwa daktari wa sikio huo mkato wa pili ni muhimu sawa na wa kwanza. Kuna na mashine mpya za kuhesabu chembe za mwanga mojamoja, Marekani waliruhusu ya kwanza mwaka 2021, zinakata mpaka milimita 0.2, ila kwa tatizo kama langu daktari alisema 0.6 inatosha, kinachohitajika ni mtu wa kuitazama vizuri. Nikafikiria yule Mwingereza aliyevumbua CT, Godfrey Hounsfield, picha ya mgonjwa wa kwanza walipiga London Oktoba 1, 1971, ilikuwa na nukta 80 kwa 80 tu, na leo tunatafuta tundu la nusu milimita. Alipewa tuzo ya Nobeli mwaka 1979 pamoja na Allan Cormack mzaliwa wa Afrika Kusini. Haki yao kabisa.

Nyota 5 kwa kipimo hiki sitoi kwa sababu ya mashine tu, natoa kwa sababu walinipa CD yenye picha zote. Narudia, CD yenye picha zote. Filamu ya kuchapwa ina vipicha vichache alivyochagua mtu mwingine, wakati daktari wa upasuaji anataka kupanda na kushuka mwenyewe kipande kwa kipande. Kama kituo kinakwambia CD hatutoi, chukua filamu tu, mi ningetafuta kituo kingine.

Alafu ndio ikaja nusu saa ambayo naithamini kuliko zote. Daktari aliweka CD kwenye kompyuta yake, akanivutia kiti, akasema mwalimu leo mimi nafundisha wewe unasikiliza. Akaanza na sikio la kulia, lile zima, ili nijue uzima unafananaje. Mfupa mweupe, hewa nyeusi. Nyuma ya sikio kuna vitundu vingi vyeusi kama sega la nyuki, ndio mastoidi yenye afya, imejaa hewa. Katikati kuna kitu kama koni ya aiskrimu, duara juu na pembe chini, akasema hicho ni kichwa cha nyundo kimekalia mwili wa fuawe. Hivyo ndivyo vifupa vyenyewe vitatu tulivyosoma shuleni, nyundo, fuawe, kikuku, nimevifundisha watoto miaka 15 kwa mchoro wa ubaoni na sikuwahi kuviona vyangu. Nilitokwa na machozi kidogo, sio kwa huzuni. Akaonesha koklea, sehemu ya ndani inayopokea sauti na kuipeleka kwenye neva, imejikunja kama konokono, mizunguko miwili na nusu. Akaonesha kincha kidogo cha mfupa kinachoning'inia juu ya kiwambo, yaani ngoma ya sikio, kimechongoka kama ncha ya kisu, kinaitwa skutamu, maana yake ngao.

Akahamia kushoto. Nyie. Sega la nyuki hakuna, mfupa umekuwa mweupe mzito, akasema hii ni alama ya sikio lililougua tangu utotoni, vitundu havikupata nafasi ya kukua. Koni ya aiskrimu haina umbo, nyundo inaonekana nusu, fuawe mguu wake mrefu haupo. Ile ncha ya skutamu imekuwa butu kama penseli iliyotumika sana, na hiyo ndiyo sehemu ya kwanza kuliwa mara nyingi, kwa sababu ugonjwa huu unaanza kwa kiwambo kuvutwa ndani kwenye kona ya juu. Chumba chote cha sikio kimejaa kijivu. Akashuka na kipanya kidogokidogo, kipande kwa kipande, akasimama. Akasema angalia hapa. Mifereji ya mizani iko mitatu, huu wa pembeni una ganda la mfupa, upande wa kulia ganda lipo zima, akanirudisha kulia nikaona mstari mweupe umezunguka. Akarudi kushoto, mstari unakuja unakuja, unakatika. Padogo sana, na ule ukijivu unagusa ndani. Akasema kile chumba kilichokuzunguka ni hiki hapa. Sikuwa na la kusema. Miezi mitano nimeambiwa ni msongo wa mawazo.

Ugonjwa unaitwa kolesteatoma. Jina alilitoa Mjerumani Johannes Müller mwaka 1838 na linapotosha kweli, halihusiani na mafuta ya mwilini, wala sio saratani. Ni ngozi tu, ngozi ya kawaida iliyoingia mahali isipotakiwa, inaendelea kujimenya kama ngozi yoyote ila maganda hayana pa kutokea, yanajikusanya, yanakuwa donge, na donge linakula mfupa taratibu. Hakuna matone yanayoiondoa. Matone yanatuliza maambukizi ya juu, ngozi inabaki. Miaka yote ile nilikuwa napooza moshi.

Na hapa nampa daktari heshima yake, aliniambia pia ambacho CT haiwezi. Kijivu ni kijivu. Usaha, nyama iliyovimba, maji, kolesteatoma, vyote kwenye CT vina rangi karibu sawa, kinachomwambia hii ni kolesteatoma ni mfupa ulioliwa pembeni yake pamoja na alichokiona kwa hadubini sikioni. Kutofautisha ule ukijivu wenyewe kuna MRI ya aina maalumu inayoangalia mwendo wa maji ndani ya tishu, hiyo inafanya kolesteatoma ing'ae, hata ikiwa na milimita 3 hivi. Ila MRI haikuoneshi mfupa, na yeye kabla ya kushika kekee anataka ramani ya mfupa. Ramani yangu ilikuwa na mambo matatu ya kumfanya awe mwangalifu: tundu la mizani, dari la sikio limeshuka chini na ni jembamba, na juu ya dari ni ubongo, la tatu ni neva ya uso, ile inayoendesha misuli ya uso, ambayo inapita ndani ya mfupa huu kama sentimita 3 nzima, na kwenye picha yangu kipande kimoja kilionekana hakina kifuniko. Ripoti ya daktari wa mionzi ilitaja mawili ya kwanza vizuri tu, la tatu halikuwemo. Ndio maana nasema ripoti haitoshi, mulize daktari wako wa upasuaji: picha zenyewe umeziona kwa macho yako? Sio utovu wa adabu. Wangu nilimuuliza swali kama hilo kuhusu daktari mwenzake wa ganzi na hakukasirika.

Upasuaji ulifanyika wiki tatu baadae. Nusu kaputi, masaa matatu na nusu, mkato nyuma ya sikio ambao sasa hivi hauonekani mpaka nikunje sikio. Kazi yote inafanyika chini ya hadubini, kekee yenye kichwa kidogo cha almasi na maji yanamwagika muda wote mfupa usipate moto. Walivyokuwa wananiandaa walisema wataweka kifaa cha kulinda neva ya uso, na kweli nilipoamka nilikuta vidoa viwili vya sindano, kimoja pembeni ya jicho kimoja pembeni ya mdomo. Vile visindano vinasikiliza msuli, neva ikiguswa mashine inalia.

Kitu cha kwanza nilichosikia nikiwa bado na usingizi ni sauti yake: mwalimu, tabasamu. Nikatabasamu. Funga macho kwa nguvu. Nikafunga. Kunja paji la uso. Onesha meno. Akasema ahsante, akaondoka. Mume wangu alikuwa mlangoni hakuelewa kwanini daktari anaomba mgonjwa aliyetoka kupasuliwa kichwa atabasamu, nilimweleza kesho yake akakaa kimya muda mrefu.

Jioni alikuja kunieleza alichokikuta, na alilinganisha na picha kitu kimoja kimoja, hili nililipenda mno. Tundu la mizani lilikuwepo palepale picha iliposema. Ile ngozi juu ya tundu aliiacha mpaka mwisho kabisa wa kazi, akaiinua taratibu na kuziba hapohapo na kipande cha utando kutoka kwenye msuli wa panja, maana ukiivuta mapema na kufyonza juu yake unaweza kuua usikivu wote wa sikio. Fuawe ilikuwa imebaki kipande, akaitoa. Kikuku, ambacho kwenye picha hakuwa na hakika nacho, kilikuwa kizima, na hiyo ndio bahati yangu kubwa. Kwenye neva ya uso picha ilizidisha, kifuniko kilikuwepo, ila chembamba kiasi kwamba hata milimita 0.6 haikukiona. Bora izidishe hivyo kuliko ipunguze, alisema, na mi naafiki.

Kwa kuwa mastoidi yangu ni ndogo na dari liko chini, alibomoa ukuta wa nyuma wa njia ya sikio, sikio na mastoidi vikawa chumba kimoja kilicho wazi. Kiwambo kipya alikitengeneza na utando uleule akakilaza moja kwa moja juu ya kichwa cha kikuku. Njia hii sio mpya, Wajerumani akina Wullstein waliipanga miaka ya 1950, hadubini ya upasuaji ilipoanza kuenea. Kabla ya upasuaji kipimo cha usikivu kilikuwa desibeli 55 upande huo, miezi sita baadae 30, na hapa namba ikishuka ndio unasikia vizuri zaidi. Sio sikio jipya. Ila mtoto wa upande wa madirisha namgeukia yeye.

Sasa kwanini upasuaji nyota 4 na sio 5. Sababu ya kwanza, karatasi ya ridhaa waliniletea jioni ya kulazwa, pamoja na gauni, nesi amesimama anasubiri kalamu yake. Daktari alishanieleza hatari zote wiki tatu nyuma, uso kupooza, kusikia kupotea kabisa, kizunguzungu, maji ya ubongo kuvuja, ugonjwa kurudi, kwahiyo mimi nilijua nasaini nini, lakini mama wa kitanda cha pili alisaini bila kusoma na alikuwa anatetemeka. Karatasi ya namna ile mtu apewe aende nayo nyumbani. Sababu ya pili, hakuna aliyeniambia habari ya ulimi. Niliamka nusu ya kushoto ya ulimi ina ladha ya chuma, chai ina ladha ya chuma, maji yana ladha ya chuma, siku ya nne nikaanza kufikiri nimepata kiharusi. Kumbe kuna kineva chembamba cha ladha kinapita katikati ya sikio, kati ya nyundo na fuawe, na kwenye upasuaji wa hivi mara nyingi kinavutwa au kinakatwa. Kwangu ladha ilirudi karibu yote baada ya miezi minne. Sentensi moja tu ingeniokoa siku nne za hofu.

Ya baada ya upasuaji nayasema harakaharaka: bandeji ya kichwa siku moja, pamba ya dawa ndani ya sikio wiki tatu, kizunguzungu siku kama tano za kushika ukuta kisha kikaisha na hakijarudi, sikio la nje likawa na ganzi juu kwa wiki kadhaa. Usipenge mafua kwa nguvu, ukipiga chafya fungua mdomo, maji yasiingie kabisa, pamba iliyopakwa vaselini kila ukioga, usibebe vitu vizito, usipande ndege mpaka daktari akuruhusu. Na kwa aina hii ya upasuaji jueni kuna kusafishwa, chumba kilichobomolewa ukuta hakijisafishi chenyewe kama sikio la kawaida, unarudi kila baada ya miezi sita au mwaka, maisha yote. Kwangu ni dakika tano kwenye kiti na inavumilika.

Kwenye foleni ya picha nilikaa na baba mmoja ana binti wa miaka miwili hasikii kabisa tangu alipougua homa ya uti wa mgongo. Yeye alitumwa CT hiihii pamoja na MRI kwa ajili ya kuwekewa kifaa cha koklea. Namtaja kwa sababu kuna jambo wazazi walijue: baada ya homa ya uti wa mgongo koklea inaweza kuanza kujaa mfupa ndani, na ikijaa waya wa kifaa haupiti, kwahiyo kwa watoto wale picha haisubiri mwakani. CT inaonesha koklea imeumbika vizuri na kama mfupa umeanza kujaa, MRI inaonesha kama maji bado yamo na kama neva ya kusikia ipo. Baba yule aliambiwa mapema na daktari wake, natamani kila mzazi aambiwe.

Mwezi ujao nina ile MRI ya kuangalia kama kuna kipande cha ngozi kilichobaki, hasa pale juu ya mfereji wa mizani alipoinua kwa uangalifu. Nikibonyeza kinyama cha mbele ya sikio sasa hivi chumba kinatulia palepale kilipo, huwa najaribu asubuhi kabla ya kutoka. Majibu yakitoka ntayaongeza hapa chini.